Mrejesho: Altezza RS200 niliyoifunga turbo, gereji mbili na kilomita elfu 18

Jana jioni nimetoa plagi zote nne, huwa natoa kila baada ya kilomita elfu nne, zimetoka zote na rangi moja ya udongo mkavu, kauri safi, hamna nukta hata moja. Nimefurahi sana. Anayejua hii gari imepitia nini ataelewa, maana plagi namba tatu ya gari hiihii ilishawahi kutoka na vipunje vidogovidogo vinang'aa kama mchanga wa fedha, fundi akavifuta na kidole akanipeleka juani akanionyesha, akasema dada, hii ni pistoni yako inaisha kidogokidogo. Basi ninachoandika hapa ni mrejesho wa kufunga turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili iisukumie injini hewa ya ziada) kwenye Toyota Altezza RS200 ya gia sita za mkono, kazi imepita gereji mbili hapa Dar, moja sirudi tena na nyingine nawapa alama zote kasoro moja ntaisema mbele. Majina ya gereji sitaji, naongelea kazi.

Kwa wasioijua vizuri, Altezza zipo mbili, kuna AS200 yenye injini ya silinda sita 1G-FE, na kuna RS200 yenye 3S-GE, ile ya BEAMS, silinda nne, lita 2, VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa vali kufunguka) pande zote mbili, za kuingiza hewa na za ekzosi. Hii ya gia za mkono ilitoka kiwandani na farasi 210 bila turbo, na gari lenyewe limetoka 1998, na kule Japani likapewa tuzo ya gari la mwaka 1998-1999. Ni injini tamu jamani, nani asiyejua mlio wake ikifika resi elfu saba. Ila ndo hivyo, utamu wote uko juu huko, nguvu ya kuvuta ya juu kabisa ni Nm 216 na inakuja kwenye resi 6,400, chini ya elfu nne na nusu gari imelala. Sasa mimi kila mwezi nina safari ya Iringa, kule nyumbani, na ukiwa Mikese nyuma ya semi trela mbili zimefuatana, umepata upenyo mfupi wa kupita, unashusha gia mbili ndo gari iamke, ikishaamka upenyo umeisha. Hiyo ndo sababu yangu. Sikutaka kushindana na mtu.

Watu wengi wanadhani turbo ni kile kikonokono tu, ukishakifunga kwenye manifodi ya ekzosi ukavuta mipira miwili umemaliza. Gereji ya kwanza nao waliniambia hivyohivyo, siku nne dada unachukua gari yako. Nikawaamini kwasababu nje kulikuwa na magari mengi na moja lilikuwa linapiga ule mlio wa turbo. Walinifungia turbo isiyo na jina, wameniletea kwenye boksi jeupe, manifodi wamechomelea wenyewe, kontrol boksi (kompyuta ya injini) wakaacha ileile ya Toyota wakaweka kifaa cha kudanganya sensa ya hewa. Kwa shilingi milioni 6 na nusu. Siku ya kwanza gari ilikimbia, siwezi kukataa, nilitabasamu mpaka Kibaha.

Wiki ya pili ikaanza kutoa moshi wa bluu ikiwa imesimama inaunguruma, kwenye foleni ya Ubungo watu wananipigia honi wananionyesha nyuma. Nikarudi kwao wakasema turbo zote zinatoa moshi kidogo mwanzoni, itaacha. Haikuacha. Oili ilikuwa inashuka kwenye stiki karibu lita moja kila wiki mbili. Alafu ikaanza kitu kingine, nikikanyaga mafuta gia ya nne nasikia kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo, sauti ndogo sana, ukifungua redio huisikii. Mimi nilikuwa sifungui redio, nashukuru Mungu kwa hilo.

Hapa nieleze kidogo maana ndo penyewe. Hii 3S-GE ya RS200 kiwandani imebanwa sana, inabana mchanganyiko wa hewa na mafuta zaidi ya mara 11, ndo maana inatoa farasi 210 bila msaada. Ndugu yake 3S-GTE, ile ya Celica GT-Four na Caldina GT-T ambayo ilizaliwa na turbo, inabana kati ya mara 8 na nusu na mara 9. Toyota hawakupunguza kwa bahati mbaya. Turbo inaleta hewa ambayo imeshabanwa na imeshapata joto, ukiipeleka kwenye injini ambayo nayo inabana mara 11, mafuta yanalipuka yenyewe kabla plagi haijatoa cheche au upande ambao moto haujafika, ndo hizo kokoto unazosikia. Na RS200 ilitengenezwa kunywa petroli ya daraja la juu ya Japani, ile wanaita hai-oku, okteni (uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kulipuka yenyewe) karibu 100, wese letu la kawaida halifiki huko. Mafundi wetu tukisema injini imenoki tunamaanisha konrodi au beringi zimeshakufa zinagonga, hii ni kugonga kwingine, hiki ni kifo chenyewe kinapiga hodi, ukikisikia bado una muda wa kuondoa mguu.

Mimi niliondoa mguu na nikaipeleka gereji ya pili kwa kuvutwa, sikutaka hata kuiwasha.

Gereji ya pili ni ndogo, ina watu watatu tu, wawili wa mikono na mmoja wa laptopu. Kitu cha kwanza hawakuniuliza nataka farasi ngapi, waliniuliza naendesha wapi, mara ngapi, na wese naweka kituo gani. Alafu yule mkubwa wao akalala chini ya gari na tochi dakika kama ishirini, akatoka akaniita nikaangalie. Akanionyesha mpira wa oili inayorudi kutoka kwenye turbo kwenda sampu (bakuli la oili chini ya injini), ulikuwa mwembamba kama wa kidole kidogo na katikati umepanda juu kidogo kabla haujashuka. Akasema oili inaingia kwenye turbo kwa presha ya pampu lakini inatoka kwa uzito wake tu, kama maji ya bati, sasa huu mpira unapanda mlima, oili itapanda na nini? Inajaa kwenye turbo, inatafuta njia kwenye sili, inaenda kuungua kwenye ekzosi. Moshi wote ule wa bluu, foleni yote ile ya aibu, ni mpira wa elfu kumi na tano. Nilikaa kimya.

Ndo wakatoa plagi, tukaona zile punje kwenye namba tatu. Wakapima presha ya silinda, tatu ziko sawa na moja iko chini. Wakafungua hedi. Pistoni namba tatu pembeni, upande wa vali za ekzosi, ilikuwa imelika kama sabuni iliyokaa kwenye maji. Ringi ya juu imeshaanza kubana kwenye kitako chake. Fundi aliniambia safari moja ya Iringa tena ingetosha.

Sasa hapo nikawa na maamuzi matatu. Kurudisha gari ilivyotoka kiwandani, kutafuta 3S-GTE nzima ya Caldina niipandikize, au kufanya turbo kwenye injini yangu vizuri. Ya GTE walinishauri kabisa kwamba ni njia nzuri lakini ile injini kwenye Caldina na Celica imelala kwa upana inavuta mbele, huku Altezza injini imesimama kwa urefu inasukuma nyuma, kwahiyo sampu, manifodi, mabomba ya maji, vyote vinabadilika. Nikachagua kutengeneza yangu, injini ya gari hii naipenda.

Walichofanya nakieleza kwa kifupi maana vingine havina hadithi. Pistoni mpya za kufuliwa, zile za kuyeyushwa na kumiminwa wameweka pembeni, hizi mpya zinabana mara 9. Konrodi nazo za kufuliwa. Gasketi ya hedi ya chuma. Turbo ni Garrett GT2860RS, yenye beringi za gololi, ndogo kiasi, kwa lita 2 inawahi kuamka. Nozeli za mafuta za cc 550 kwa dakika, pampu ya mafuta ya Walbro, plagi za NGK baridi kwa daraja moja, yaani zinaondoa joto haraka zaidi (kwa NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, wauzaji wengine Gerezani wanakwambia kinyume, angalieni), na uwazi wa plagi wameupunguza hadi milimita 0.7 ili cheche isizimwe na presha. Intakula (rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo) kubwa mbele ya rejeta ya maji. Na kontrol boksi ya Link kutoka New Zealand, hii ndo iliyoniuma mfukoni kuliko hata turbo yenyewe na ndo nisingekubali ipunguzwe tena hata nikirudia mara mia. Ile ya Toyota haijui kitu kinachoitwa busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, haijawahi kufundishwa, ukiidanganya inaamini na inakuua nayo.

Manifodi walichomelea upya. Nilikaa pale siku nzima naangalia yule kijana anachomelea, kila bomba analiingiza gasi ndani ili weldi isichome kwa nyuma, anapumzika, anageuza, anapima na rula. Ile ya zamani wakanipa nikaishika, kwa ndani weldi zilikuwa zimening'inia kama nta ya mshumaa, kipande kimoja kikivunjika kinaingia moja kwa moja kwenye turbo inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Ninayo nyumbani mpaka leo.

Sasa kuseti. Hiki ndo kitu naomba mnaotaka kufanya hii kazi mkisome mara mbili. Yule wa laptopu alikaa na mimi asubuhi nne, tunaanza saa kumi na moja alfajiri barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu, mimi naendesha yeye amekaa kushoto na laptopu mapajani na hedifoni masikioni imeungwa kwenye sensa iliyofungwa kwenye bloku ya injini, anasikiliza kokoto. Ananiambia gia ya tatu, resi elfu mbili na nusu, kanyaga mpaka chini, haya achia. Anaangalia logi, kumbukumbu za sensa kwenye laptopu. Anaongeza mafuta. Anarudisha taimingi, yaani muda wa plagi kutoa cheche, nyuma digrii moja. Tena. Siku ya kwanza yote busti ilikuwa 0.3 baa tu, nikamuuliza mbona hatuongezi, akasema dada, leo tunaijua injini, nguvu itakuja yenyewe. Tumemalizia 0.6 baa, mchanganyiko kwenye mzigo mkubwa ni hewa 11.6 kwa mafuta 1, na akaniwekea ulinzi kwamba busti ikizidi 0.8, au presha ya oili ikishuka, au maji yakipita nyuzi 105, kontrol boksi inakata yenyewe. Asubuhi ya nne alisikia kokoto mara moja, sauti moja tu mimi sikusikia kitu, akanisimamisha pembeni akashusha taimingi eneo lile lote, akasema hapa tuache hewa ya kupumua, siku ukiwekewa wese baya kule porini isiwe kesi. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli yanashusha okteni vibaya, vinasaba (alama zinazowekwa kwenye mafuta ili uchakachuaji ugundulike) vimesaidia lakini yeye hataki maisha ya injini yategemee vinasaba.

Ile kazi ya asubuhi nne ndo niliyoilipia. Vyuma vyote vingine unaweza kuagiza na vikaja na DHL.

Tuje barabarani. Mjini gari ni ileile, ukiwa chini ya resi elfu mbili na nusu hata huijui, tena imekuwa laini kidogo zaidi kwa kubana mara 9, ule ukali wa mwanzo wa kugusa mafuta umepungua na nakiri nimeumiss. Kuanzia elfu tatu unasikia pumzi, elfu tatu na nusu mgongo unaegemea kiti, na inavuta hivyohivyo bila kukatika mpaka elfu saba. Gia ya nne, 80 kwenda 110, hushushi gia, unakanyaga tu. Zile semi trela za Mikese sasa nasubiri upenyo mzuri kwa utulivu kwasababu najua ukija unatosha. Tochi zipo palepale, faini ni ileile, na kwenye vijiji napita 50 kama zamani.

Jaribio kubwa kwangu lilikuwa mlima wa Kitonga, njia ya Iringa. Mnaoijua mnajua, kona, mwamba upande mmoja, bonde upande mwingine, malori yanapanda kwa gia ya kwanza na unapanda nyuma yake taratibu, upepo hauingii mbele ya gari, joto lote linabaki kwenye boneti. Nilikuwa naangalia geji kuliko barabara, mpaka mdogo wangu aliyekaa pembeni akaniambia dada mimi nitasoma geji wewe angalia lori. Akawa anasoma kwa sauti. Maji 92, 94, 97. Hewa inayoingia kwenye injini ilikuwa 48 kule Ruaha Mbuyuni, ikapanda mpaka 63 nyuma ya lori la mbao, hiyo ni intakula imepata joto haina upepo. Hapo ndo nikaelewa kwanini jamaa aliweka jedwali la kupunguza taimingi kadiri hewa inavyopata joto. Hewa ikitoka kwenye turbo yenyewe kabla ya intakula inakuwa na nyuzi tisini na kitu, kwahiyo usimsikilize anayekwambia busti ndogo haihitaji intakula, kwa joto la Dar hilo halipo. Tulipofika juu Ilula upepo ukaingia, ndani ya dakika mbili ikarudi 44. Maji hayakufika 100. Mdogo wangu akapiga makofi.

Na Iringa ndo turbo inajilipa. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na Dar, injini isiyo na turbo inapoteza karibu nguvu kiasi hichohicho, nakumbuka zamani ikifika kule gari ilikuwa kama imebeba mtu wa ziada. Sasa hivi inapoteza kidogo pia, maana springi ya westigeti (vali inayozuia busti isizidi) inapima busti juu ya hewa ya pale ulipo, 0.6 ya Iringa imeanzia chini kuliko 0.6 ya Dar, lakini kilichobaki ni kingi kuliko gari ilivyowahi kuwa hata ikiwa ufukweni Coco.

Matumizi ya mafuta, safari ndefu ukiendesha kwa ustaarabu ni kama zamani tu, ukiwa na mguu mzito inakunywa, hilo halina ubishi. Oili nabadilisha kila kilomita elfu nne badala ya elfu tano na naweka sinthetiki halisi. Asubuhi sikanyagi mpaka oili ipate joto, na nikimaliza mlima nasimama naiacha iungurume dakika moja mbili kabla ya kuzima, turbo ikiwa nyekundu ukizima ghafla oili inaungulia mle ndani inakuwa mkaa. Bima kubwa nimewaandikia barua nikawaambia kuna mabadiliko kwenye injini, wakaongeza kidogo, bora hivyo kuliko kukataliwa siku ya shida.

Kasoro ya gereji ya pili, ile alama moja. Muda. Waliniambia wiki tano, zikawa tisa, na katikati hapo wiki mbili hakuna aliyenipigia simu, mimi ndo napiga. Spea zilichelewa bandarini naelewa, lakini mteja aliyeacha milioni zake mwambie tu, hata meseji moja. Nimewaambia uso kwa uso na wamekubali. Kitu kingine kidogo, waya za sensa walizoongeza hawakuzivisha kinga ya joto ya kutosha karibu na ekzosi, moja ikayeyuka ganda mwezi wa tatu gari ikaanza kumisi, wakaja mpaka nyumbani wakatengeneza bure siku hiyohiyo. Hilo nimeliweka upande wa sifa.

Gharama: gereji ya pili vyote pamoja ni milioni 19, jumlisha 6 na nusu za mwanzo zilizoungua. Ni zaidi ya bei niliyonunulia gari. Kwahiyo mtu akija akaniambia anataka tu gari yenye mwendo, namwambia kaka tafuta iliyozaliwa na turbo, Chaser au Mark II yenye 1JZ-GTE, Subaru WRX, Legacy B4, utapata injini iliyobanwa sawasawa, intakula, kontrol boksi inayojua busti, vyote kiwandani, kwa hela hiyo au pungufu. Turbo kwenye Altezza ifanye kama unaipenda Altezza, unavyokaa, usukani wake, ile saa ya dashibodi kama ya mkononi, na huna mpango wa kuiuza. Na kama huna hela ya kontrol boksi na ya mtu wa kuiseti, subiri, usifunge. Endelea na 210 zako, ni nzuri.

Klachi ya kiwandani imeanza kuteleza gia ya tano ukikanyaga sana mlimani, na hilo walishanionya kwamba litakuja. Mpya imeshafika, naipeleka Jumamosi, wamesema siku mbili. Nimewaambia nipigieni simu hata kama ni nne.